Tulimcheka Baba Yetu

Tulizaliwa wanne katika nyumba yetu, wasichana watatu na mvulana mmoja. Baba alirudi kutoka vita vya Kagera mwaka 1979 akiwa mzima wa viungo vyote. Majirani walishangilia, na Mama alipika pilau. Hatukujua kwamba alikuwa amerudi mgonjwa.

Mvua kubwa ilipopiga mabati usiku, Baba aliruka kutoka kitandani na kutuburuta sote chini ya meza, akituamuru tuinamishe vichwa. Mlango ukijifunga kwa kishindo, mikono yake ilitetemeka hata chai ikamwagika. Na kila jioni, kabla hatujalala, alituketisha mkekani akatukagua miguu, kidole kwa kidole, aone kama imekauka. Kwetu huo ulikuwa udhia mtupu.

Shuleni wenzetu walisema baba yetu amerogwa. Wengine walisema ni mwoga. Nasi kwa aibu tukaanza kumwigiza jinsi anavyotetemeka, tukicheka jikoni. Siku moja Mama alitukuta. Hakutupiga. Alisema tu, "Wanangu, baba yenu hajipendei kuwa hivyo. Msimcheke."

Baba alifariki bila sisi kumwuliza hata mara moja yale aliyoyaona. Miaka mingi baadaye dada yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi, alituletea kitabu juu ya maradhi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918. Tulikisoma kwa zamu.

Katika vita hivyo majeshi yalichimba mahandaki toka pwani ya Ubelgiji, kupitia Ufaransa, hadi mpaka wa Uswisi. Humo askari walisimama katika maji na matope ya baridi, pengine kwa siku kadhaa. Miguu ilikufa ganzi ndani ya buti zilizolowa, ikavimba na kubadilika rangi. Wengine walipata donda ndugu, wakakatwa miguu. Kinga yake ilikuwa kubadili soksi mara kwa mara, kukausha miguu, kuipaka mafuta ya nyangumi, na askari kukaguana miguu wawili wawili. Wanawake huko nyumbani walifuma soksi kwa wingi wakawapelekea.

Tulipofika hapo tulitazamana. Kumbe Baba alikuwa akitulinda!

Tulisoma pia juu ya chawa waliojaa katika nguo za askari. Wao ndio walioeneza homa ya mahandaki, iliyomwacha mtu kwa siku chache kisha ikamrudia, pamoja na maumivu makali ya miundi. Vidonda navyo viliingia udongo wa mashamba yaliyotiwa samadi miaka na miaka, vikaoza upesi au kuleta pepopunda. Halafu ikaja gesi ya sumu. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Wajerumani walifungulia klorini ikapeperushwa na upepo hadi kwenye mahandaki, ikaunguza mapafu. Mwaka 1917 ikafuata gesi ya haradali, iliyotoa malengelenge mwilini na kupofusha macho. Katika mateso hayo wapo waliosaidia. Mwanasayansi Marie Curie alitengeneza magari yenye mitambo ya eksirei, akaenda nayo karibu na uwanja wa vita pamoja na binti yake Irène, ili madaktari waone risasi ilipojificha.

Lakini eksirei haikuweza kuonyesha ugonjwa mmoja. Askari waliopigiwa mizinga usiku na mchana walianza kutetemeka, kupoteza sauti, kuota ndoto za kutisha, hata kushindwa kutembea ingawa hawakuwa na jeraha. Mwanzoni madaktari wengine walidhani kishindo cha kombora kimetikisa ubongo. Makamanda wengi waliita uoga. Mwingereza Harry Farr alilazwa miezi kadhaa kwa ugonjwa huo mwaka 1915, akarudishwa vitani. Mwaka uliofuata alishindwa kwenda mbele, akapigwa risasi na jeshi lake mwenyewe mnamo Oktoba 1916. Mkewe alinyimwa pensheni, akaishi na aibu hiyo akimlea binti yao mdogo. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 93 serikali ya Uingereza ilipowasamehe baba yake na wenzake zaidi ya 300, mwaka 2006.

Sote wanne tulilia kwa ajili ya mama yule na binti yake, kisha tukalia kwa ajili ya Mama yetu na kwa ajili ya Baba. Hakuwa mwoga wala hakurogwa. Alikuwa na ugonjwa ambao madaktari wanaujua na wanaweza kuutibu.

Mama mpendwa, labda mumeo au mwanao amerudi kutoka vitani au kutoka kulinda amani nchi za mbali. Labda ameponea chupuchupu katika ajali mbaya. Ukimwona hapati usingizi, anashtuka ovyo, anakuwa mkali bila sababu au anazama katika pombe, usiwaache watoto wamdhihaki. Mpeleke hospitali, mweleze daktari yote bila kuficha. Akitaka kusimulia, msikilize. Asipotaka, usimlazimishe, ila ajue kwamba upo naye.

Sisi tulichelewa. Baada ya kukimaliza kitabu kile tulikwenda pamoja kijijini, tukapalilia kaburi la Baba, tukamwomba radhi. Kisha tukaingia ndani kwa Mama, naye akatusimulia mambo mengi ambayo hatukuwahi kumwuliza.