Bunduki ya Ami

Ami yangu anaishi Maskati na anakusanya bunduki kuukuu za marisau. Si kila bunduki. Anazitaka zile zinazojijaza risasi zenyewe, za kabla ya Vita vya Pili, na lazima kitako kiwe kimenyooka, bila ule mpindo wa kushikia kama bastola. Anazo tatu, zote kwa kibali cha huko, na Ijumaa baada ya sala huzipaka mafuta, kisha ananipigia simu ya video nizione. Mimi ni mwandishi wa habari, silaha kwangu ni kitu cha kwenye taarifa ya polisi, lakini nimemsikiliza mpaka nimezijua.

Kipenzi chake ni Browning Auto-5. John Browning, Mmarekani, alipoibuni alitaka Winchester wamlipe kwa kila bunduki itakayouzwa. Wakakataa. Mwaka 1902 akavuka bahari nayo hadi Ubelgiji, kiwanda cha Fabrique Nationale pale Herstal kikaichukua, na bunduki hiyo ikatengenezwa kwa karibu karne nzima. Ukiifyatua, mtutu wenyewe unarudi nyuma, ganda linatupwa nje, risasi nyingine inaingia. Mgongoni ina kibiongo, huwezi kuifananisha na nyingine.

Kitako kilichonyooka ni mila ya Waingereza. Bunduki zao za mitutu miwili zilikuwa na vifyatulio viwili, basi mkono ulitakiwa uteleze kutoka kimoja kwenda cha pili. Auto-5 ina kifyatulio kimoja tu, kwa hiyo kitako cha namna ile ni urembo mtupu. Nilimwambia hivyo ami, akacheka. "Mwanangu, na kilemba je, kina kazi gani?"

Baba yake alikuwa na moja kama hiyo, shambani, hapa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 walikuja watu wakaichukua. Ami alikuwa na miaka 12. Anakikumbuka zaidi kitako, kwani ndicho pekee alichoruhusiwa kushika. Hizo tatu za Maskati, nionavyo mimi, ni za kuitafuta ile moja. Akaniomba nimtazamie huku.

Nikapita Gizenga, nikapita Hurumzi, duka hadi duka la vitu vya kale. Masanduku ya njumu, saa za ukutani zilizokwisha kufa, sarafu, taa. Bunduki ukiikuta ni gobore, la kushindiliwa baruti mdomoni, na baadhi nahisi zimezeeshwa juzi kwa ajili ya watalii. Gobore angalau lina historia Mji Mkongwe: katika karne ya 19 bunduki na baruti zilipita bandari hii kwenda bara, zikarudi pembe na watumwa. Tippu Tip, ambaye nyumba yake bado ipo Shangani, anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba jina hilo alilipata kwa mlio wa bunduki zake.

Ya marisau ilikuwa kitu cha mwenye shamba. Usiku wa Mapinduzi wengi walizivamia ghala za silaha za polisi, Ziwani na Mtoni, kwa mapanga na marungu, maana bunduki hawakuwa nazo. Aliyesoma Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi ataielewa dunia ninayoisema.

Basi nikaenda shamba kwenyewe. Minazi ipo, nyumba imebaki kuta. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja jirani, rika la ami. Shikamoo, marahaba, nikamwonesha picha kwenye simu. Hakuuliza ni nini. Akaweka kidole juu ya kile kibiongo.

"Hii naijua. Hii ndiyo tuliyokuwa tukikimbizwa nayo."

Walikuwa watoto watatu, akasema, wakienda kuangusha madafu mchana watu wamelala. Mwenye shamba akitoka barazani wanaisikia, moja, mbili, tatu, bila kupumzika, wakadhani wako watu watatu wanaopiga. Mpaka leo fataki za Idi hazipendi. Alinisimulia hayo bila hasira, huku akinimenyea chungwa.

Niliwaza njia nzima kama nimwambie ami. Nilimwambia. Kuficha ingekuwa kumfanya mtoto, na yeye si mtoto, ana zaidi ya miaka 70. Hakujibu siku nne. Ijumaa haikuja simu ya video. Jumamosi akaniletea ujumbe wa sauti, mfupi, nyuma yake inasikika feni.

"Mwambie baba alikuwa akipiga juu. Hewani tu. Nilikuwepo."

Nilirudi wiki iliyofuata, nikamsikilizisha mzee. Aliomba auisikie mara ya pili, simu ikiwa karibu na sikio.

"Kweli," akasema. "Akipiga juu. Na sisi tulikuwa juu ya mnazi."

Hili sijamtumia ami bado.