Zambarau Juu ya Soweto

Mpaka nafika Mbeya, mti wa maua nilioujua ni mkrismasi wetu wa Dar. Unawaka mwekundu kuelekea Desemba, na kule Temeke ukiuona tu unaanza kuwaza nauli na nguo za watoto. Mjakaranda niliujua kwa picha. Basi Oktoba hiyo, nilipopanda gari Mbezi alfajiri, nilikuwa na haja moja: kukaa chini ya mti wa zambarau mahali pasipo na fujo.

Tukaipita Mikumi, tukaipita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni isiyo na jani hata moja, kisha Kitonga. Malori yalipanda yakiguna, na abiria aliyekuwa akisimulia bila kupumua tangu Morogoro akanyamaza, macho kwenye korongo. Baada ya hapo hewa ikageuka. Makambako nilivaa sweta, Uyole nikaongeza na kanga mbili. Shangazi alinipokea Soweto usiku, akaniangalia juu mpaka chini, akacheka.

"Mwanangu, huu ndio mwezi wa joto. Ungekuja Juni je?"

Kulipokucha nikaiona Soweto yenyewe. Imekaa kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kwa hiyo malori ya Zambia, bajaji, mikokoteni na akina mama wenye ndoo za maparachichi wote wanagombea njia moja. Magunia ya viazi yameshonwa lumbesa, yana vichwa vikubwa kuliko vya wachukuzi wanaoyabeba. Na katikati ya vumbi hilo, mjakaranda wangu wa kwanza! Ulikuwa umetanda juu ya meza ya mitumba, ukidondosha maua kwenye mashati, na muuzaji akiyakung'uta moja moja kwa subira ya mtu aliyezoea.

"Dada, unachagua au unaangalia?"

"Naangalia maua, kaka."

Akainua uso, akatazama juu, akatazama tena mashati yake. "Haya? Haya yanachafua mali tu."

Nilijaribu kusimama pale. Bajaji ikanipigia honi, mkokoteni ukanigusa kisigino, mama mmoja akaniuliza kama nimepotea. Jioni nikamweleza shangazi, akashangaa kwamba nilitaka kutazama tu. Kwake maua hayo yana kazi: yakianza kumwagika, watu huulizana habari za mbegu na mbolea, maana mvua za Novemba haziko mbali. Akanielekeza mjini, juu, chini ya mlima Loleza.

Nikapanda daladala, nikashuka Uhindini, nikaanza kupandisha kwa miguu kuelekea Uzunguni. Mapafu ya pwani yalilalamika. Mji huu uko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kelele zilipungua kila kona, nyumba zikaachana, na ghafla barabara nzima ikawa zambarau, juu na chini.

Mjakaranda hupukutisha majani kwanza, ndipo uchanue, kwa hiyo huoni kijani cha kukupumzisha macho. Niliokota ua moja. Ni kitarumbeta kirefu kama kidole, ndani kuna vinyweleo, na nyuki alikuwa bado hajamaliza shughuli zake humo. Matawini yananing'inia maganda ya mwaka jana, bapa na magumu kama visosi viwili vilivyofunikana; ukiyapasua, mbegu nyembamba zenye mabawa zinakuponyoka na upepo. Mti huu asili yake ni Amerika Kusini. Wakoloni waliusambaza kwenye mitaa ya miji yao, ndiyo maana Nairobi, Harare na Pretoria nako Oktoba huwa zambarau.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro, peke yangu kabisa. Nikawaza Japani: huko miti ya micheri inapochanua, ofisi humtuma kijana wao mapema akatandike na kulinda nafasi bustanini, kwa sababu maua yaliyokolea hayadumu sana zaidi ya wiki. Mwaka 1912 Tokyo iliipelekea Washington miche zaidi ya 3,000 ya micheri, na sasa huko nako watu wanakanyagana. Mimi hapa nilikuwa na mtaa mzima, pamoja na mlinzi mmoja aliyenitazama kwa muda kabla ya kuvuka barabara.

"Shikamoo dada. Wewe ni wa ardhi?"

Nikamwambia hapana, sipimi kiwanja cha mtu. Aliposikia natazama maua alirudi getini, nikadhani amenipuuza. Akaja na kigoda.

Wakati wa kurudi nilishukia Ipogolo, nikapandisha hadi Iringa mjini, na jioni nikakwea jiwe la Gangilonga. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pa kwenda. Mbeya unakaa chini ya maua. Gangilonga unayatazama kutoka juu, mabaka ya zambarau katikati ya mabati. Wanafunzi wawili walikuwa juu ya jiwe na madaftari yao ya kidato cha nne, wameyapa maua mgongo.

"Dada umetoka Dar?" mmoja akauliza. "Eti ni kweli mtu anaweza kwenda Coco Beach akakaa tu anaangalia bahari, bila kuulizwa?"

Nikamjibu ni kweli kabisa. Sikumwambia kwamba sijakanyaga huko tangu Idi ya mwaka juzi.