Chumvi ndani ya Mashine ya Walinzi wa Malkia

Wageni wa baa ya hoteli hapa ufukweni Kendwa huikimbilia mashine ya pinboli, Royal Guard, iliyotengenezwa na Gottlieb wa Chicago mwaka 1968. Kioo kimechorwa walinzi wa kasri la Uingereza, makoti mekundu na kofia nyeusi za manyoya. Ikikwama husema imezeeka. Mimi ndiye ninayeifungua: inaliwa na hewa ya bahari.

Ndani hamna kompyuta. Mna koili, relei, mota ya hesabu na swichi nyingi mno, vipande vyembamba vinavyogusana kwenye ncha ndogo. Gololi ikigonga bampa, ncha hugusana, relei huvuta, gurudumu la namba husogea. Ncha moja ikishika chumvi, hesabu inasimama, na mchezaji haoni sababu.

Masika ndiyo mbaya. Hoteli hufungwa, umeme huzimwa. Tukifungua, plagi za waya zina kutu ya kijani na magurudumu ya namba yameganda. Mtu atakwambia, "Pulizia mafuta." Usithubutu: mafuta hunasa vumbi, na mle ndani cheche haziishi.

Safari moja aliitwa fundi mwingine, akazipiga ncha msasa. Ziling'aa kweli, lakini mikwaruzo ilivuta cheche, zikashikana. Koili ya bampa huvuta na kuachia papo hapo. Ile haikuachia, ikaungua, harufu ya vanishi ikajaa baa. Koili kama hiyo huipati sokoni Darajani. Niliisuka upya kwa mkono, nikihesabu mizunguko ya ile iliyoungua.

Watu hudhani transfoma ya kushusha volti 230 hadi 120 inamaliza kazi. Umeme wetu ni wa hezi 50, wa Marekani 60, na transfoma haibadilishi hilo. Mota ya hesabu huenda taratibu, chuma cha ndani hupata moto zaidi.

Kioo nacho, rangi imepakwa upande wa ndani. Kijana wa usafi alikifuta upande huo kwa kitambaa cha maji; uso wa mlinzi mmoja ukabaki kwenye kitambaa. Huo siwezi kuurudisha.

Kinachoisaidia ni kuwashwa na kuchezwa kila jioni. Joto la taa zake hufukuza unyevu, na mchezo wenyewe husugua ncha. Mwenye hoteli anataka iwashwe usiku wa mwezi mpevu tu, wageni wanapojaa, eti umeme ghali. Nimemwambia mara nyingi, bado hajakubali.