Ufunguo Tuliouacha Irente

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumewafundisha watoto wetu mara nyingi, lakini sisi wenyewe tuliielewa vizuri tukiwa juu ya mwamba wa Irente, saa kumi na moja jioni, mbele ya gari lililofungwa na lisilo na ufunguo.

Tulikuwa akina mama watano wa mtaa mmoja mjini Tanga. Mwenzetu aliyehamia Lushoto alikuwa amejifungua, nasi tukakubaliana kwenda kumpa hongera na kurudi siku hiyo hiyo. Tuliondoka alfajiri kwa gari dogo la mmoja wetu. Tukapita Muheza penye machungwa, tukafika Segera, kisha tukashika barabara ya Moshi hadi Korogwe na mashamba yake ya katani. Mombo tulikuta joto la kutafuta kivuli. Hapo ndipo njia ya Lushoto inapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda Milima ya Usambara. Ni kilometa 33 hivi, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Pale Soni maporomoko ya maji yanaonekana kando ya barabara. Tulipofika Lushoto, waliowacheka wenzao kwa kubeba masweta walikuwa wa kwanza kuyaomba. Si ajabu Wajerumani waliupenda mji huu, wakauita Wilhelmstal.

Tulimwona mzazi, tukambeba mtoto kwa zamu, tukanywa uji. Kisha tukasema, tutafikaje Lushoto tusione Irente? Ni mwendo wa kilometa 6 hivi kutoka mjini. Njiani tulinunua mkate, jibini na jamu kwenye shamba la Irente, tukaenda kula ukingoni mwa mwamba. Akina mama, mahali pale panafaa kuonwa! Chini kabisa iko Mazinde, na reli na barabara ya Moshi ni kama nyuzi mbili zilizoanguka sakafuni. Ng'ambo yake ni nyika isiyo na mwisho.

Mwenye gari alikuwa ameufunga ufunguo kwenye pindo la khanga, kama mama zetu walivyofunga fedha. Tulipomaliza kula alisimama akaikung'uta makombo ukingoni. Hakuna aliyesikia kitu kikianguka. Tulipofika kwenye gari, pindo lilikuwa limefunguka.

Tulitafuta majanini, watoto wa kijijini wakatusaidia, mpaka vivuli vikawa virefu. Mmoja wetu alikuwa na mtoto wa miezi saba aliyemwacha Tanga kwa dada wa kazi, na maziwa yalishaanza kulowanisha blauzi yake. Tukamwambia mwenye gari, "Mpigie baba watoto, alete ufunguo wa pili." Akaketi chini na kuanza kulia.

Ufunguo wa pili haukuwapo. Gari lilitoka Japani likiwa limeshatumika, na kama mengi ya namna hiyo lilifika na ufunguo mmoja tu. Mume wake alikuwa amempa fedha za kuchonga wa akiba. Yeye alinunulia sare za shule, akisema moyoni atazirudisha mwisho wa mwezi. Mwezi ule uliisha, na mingine ikafuata. Mumewe aliamini ufunguo wa pili umo kabatini.

Yule mwenye mtoto mchanga hakuweza kungoja. Tulimsindikiza mpaka akapata gari la abiria la kwenda Mombo, akadandie basi huko. Kumwacha mwanamke peke yake njiani usiku si jambo jepesi. Hatukulala mpaka alipotupigia simu saa tano usiku kusema amefika na mtoto ananyonya.

Chuma na namba

Wakati huo mwenyeji wetu alikuwa amemleta fundi wa funguo kwa pikipiki. Kabla ya kugusa kitu aliuliza, "Kadi ya gari iko wapi, mama?" Wengine walikasirika. Lakini fundi anayefungua gari bila kuuliza ni la nani atawafungulia na wezi. Mwenyeji alimdhamini mwenzetu, lakini kadi ilikuwa nyumbani Tanga, kwa hiyo simu iliyoogopwa ikabidi ipigwe.

Mwenzetu alisogea kando. Tulimsikia akisema yote, na habari za sare pia. Kisha kimya kirefu. Baadaye alitueleza alichojibiwa: "Wote mko salama? Basi. Sare si wizi, lakini ungeniambia, ningejua tuna ufunguo mmoja." Picha ya kadi ikaja kwenye simu.

Fundi alifungua mlango kwa vifaa vyake, akatoa kitasa, akapima na kuchonga ufunguo mpya. Uliingia kwenye swichi, ukazunguka vizuri, injini ikawaka. Tukashangilia! Mara ikazima. Akajaribu tena, ikazima tena.

"Chuma nimemaliza," akasema. "Kilichobaki ni namba."

Akatueleza. Ndani ya mpini wa ufunguo wa gari kama lile mna chipu ndogo isiyotumia betri. Ufunguo ukiwa kwenye swichi, duara la waya lililoizunguka huiamsha chipu, nayo hutaja namba yake. Kompyuta ya gari isipoitambua namba hiyo, huzuia injini kufanya kazi. Kinga hii dhidi ya wizi ilienea miaka ya 1990, na tangu mwaka 1998 ikawa lazima kwa magari mapya katika Umoja wa Ulaya. Ufunguo mmoja ukiwapo, fundi mwenye mashine husajili au kunakili wa pili kwa muda mfupi. Yote ikipotea, yabidi kuingia kwenye kompyuta yenyewe, na pengine kuifungua, na bei hupanda.

Fundi mwenye mashine alifika kutoka Tanga kesho yake mchana. Alitengeneza funguo mbili. Tulichanga sote, na hata hivyo gharama ilikuwa mara nne ya fedha zilizonunua sare.

Tuliyorudi nayo

Njiani kurudi tulizungumza mengi, na haya tunawaletea wenzetu.

Kwanza, kama gari lenu lina ufunguo mmoja, tengenezeni wa pili sasa, wakati wa kwanza bado upo. Mmoja awe nao baba, mwingine mama. Msiufiche wa akiba ndani ya gari lenyewe.

Ufunguo uliolika usingoje ukatike. Ukikatikia kwenye swichi, usisukume kingine juu yake wala kutia gundi, mwite fundi. Msining'inize rundo la funguo za nyumba na kabati kwenye swichi, uzito ule huilegeza.

Rimoti isipofungua mlango, huenda betri yake ndogo imekwisha. Fungua kwa chuma. Chipu haiitegemei betri hiyo. Kwa magari ya kubonyeza kitufe, chuma mara nyingi kimefichwa ndani ya rimoti, na ukiisogeza rimoti karibu kabisa na kitufe, gari kwa kawaida litawaka.

Na mtoto akijifungia ndani ya gari juani, msingoje fundi. Joto ndani ya gari lililofungwa laweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika 10 tu. Vunjeni kioo kilicho mbali naye. Baba atakasirikia kioo siku moja, lakini mtoto hanunuliwi dukani.

Tulipoteremka Mombo, joto likatupokea tena. Tulipofika Mazinde? Hapana, hatukupita huko, njia yetu ilikuwa ya Tanga. Lakini mwenye gari aligeuka kuitazama milima, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Ufunguo wangu uko huko juu," akasema, "na siri yangu nimeiacha nao."