Sare za Harusi na Baridi ya Ufipa

Harusi nyingi za Ufipa hufungwa baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, mahindi na maharage yakiwa yameshauzwa. Ndiyo miezi ya baridi pia. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa jioni hupenya hadi kwenye koti. Wafipa wa zamani walifuma wenyewe nguo nene za pamba, mpaka nguo za dukani zilipoiua kazi hiyo.

Miaka ya 1980, nilipokuwa mtoto, nguo ya kuchezea harusi ilikuwa ile ile ya misa ya Jumapili. Baba alikuwa na suti moja ya Kaunda, ya kijivu. Mama alivaa gauni la kitenge kilichotoka Zambia, juu yake sweta. Shangazi ndiye niliyependa kumtazama. Kabla ya kuingia kucheza alijifunga khanga kiunoni, fundo likae ubavuni ili lisimzuie kupiga hatua, kisha akavua viatu.

Halafu zikaja kumbi, kamati na sare. Tangu lami ya kutoka Tunduma ifike, kitambaa cha Kariakoo kinaletwa kwa basi, na kadi inakutajia rangi: damu ya mzee na dhahabu, kwa mfano. Ukiingia ukumbini unajua papo hapo nani wa upande wa bibi harusi na nani wa bwana.

Kucheza kwa sare si jambo la jana. Mombasa, enzi za ngoma ya beni, kulikuwa na vyama viwili vilivyoshindana, Kingi na Scotchi, na Scotchi walivaa sketi za marinda kama askari wa Kiskoti. Huko Uskoti kwenyewe sketi hiyo ya kiume bado ndiyo vazi la dansi rasmi, nayo hushonwa kwa kitambaa chenye miraba ya ukoo. Wanawake huvaa gauni lililopanuka chini na viatu laini visivyo na kisigino, kwa sababu hatua zao ni za ncha ya mguu. Hapo wametuzidi: wameanza na mguu, ndipo wakafikiria nguo. Mshono wetu wa samaki hubana magoti, na mabinti wenye miguu myepesi wanaishia kutikisa mabega tu, tena yakiwa wazi kwenye baridi ile.

Mpasuo mrefu nyuma na kikoti cha kitambaa hicho hicho vingetosha. Fundi yeyote mzuri anaviweza.

Linaloniuma zaidi ni bei. Shangazi wa kijijini hushindwa kuja kwa mtoto wa kaka yake kwa kukosa sare. Ziko kamati zinazowaruhusu wazee kuvaa kitenge chao, wakaongeza kilemba tu cha rangi ya sherehe. Hizo nazipongeza. Ila ziwaambie mapema, kabla mama wa watu hajauza gunia la mahindi ya chakula.