Jikoni kwa Kamante

Kuna kisa kimoja katika Out of Africa, kitabu cha Karen Blixen cha 1937, ambacho msomaji wa Kiswahili hawezi kukisahau. Kijana mmoja wa Kiswidi alikuwa akimfundisha kuhesabu. Walipofika tisa, kijana akaona haya, maana kwa sikio la Mswidi neno hilo linakaribia jambo lisilosemwa mbele ya mwanamke wa heshima. Basi akamwambia Kiswahili hakina tisa. Unahesabu nane, unaruka, unaendelea. Blixen akaamini, na akaifurahia sana lugha hiyo ya ajabu. Hata baada ya kuujua ukweli alikawia kuachana nayo.

Nilicheka niliposoma kisa hicho nikiwa chuo, na bado nacheka. Lakini ndicho kinachonisaidia kumwelewa. Aliipenda Kenya, sibishi. Ila mara nyingi aliipenda ile isiyo na tisa.

Nyumba yake iko chini ya vilima vya Ngong, mtaa wa Karen, ambao wengi husema umepewa jina lake. Ilijengwa 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Blixen na mumewe Bror walihamia 1917, na yeye akakaa mpaka 1931, kahawa ilipomshinda kabisa. Pale ni juu mno na baridi mno kwa kahawa, jambo ambalo leo linaonekana wazi. Wakati wa uhuru serikali ya Denmark iliipa Kenya nyumba hiyo kama zawadi, na 1986, mwaka mmoja baada ya ile filamu ya Meryl Streep na Robert Redford, ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Nilikwenda na mama. Mama alifanya kazi ya nyumba mtaani Karen miaka kumi na moja, akilala SQ, akirudi kwetu Voi mara mbili kwa mwaka, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia humo. Alikuwa akipita barabarani Jumapili akienda kanisani. "Niliona magari ya wageni tu," aliniambia. "Nikajua si pa kwangu."

Nyumba ina jina, Mbogani, ambalo waongoza wageni hulifasiri kuwa nyumba ya msituni. Mama alilisikia akanigeukia: "Mbogani? Kwani walipanda sukumawiki?"

Vyumbani sitakawia. Ni nyumba nzuri, ya mawe, yenye baraza pana linalotazama Ngong. Fanicha nyingi ndizo zenyewe: Blixen aliziuza kwa Lady McMillan alipoondoka, na baadaye zikapatikana tena. Kuna vitabu, kuna kitanda, kuna picha za watu waliokufa vijana. Mwongozaji alipotaja kwamba Denys Finch Hatton, mpenzi wake, alianguka na ndege Voi mwaka 1931, mama alisimama wima kama aliyetajiwa jamaa. "Kwetu hiyo," akasema. Kwingine alikuwa akitazama kwa jicho la kazi. Ngozi ya mnyama sakafuni: "Hii inashika vumbi vibaya sana." Vyombo vya kaulo: "Hivi unaosha mwenyewe, humpi msichana mgeni."

Jiko liko peke yake, nyuma, jengo dogo lililotengana na nyumba. Ndani kuna masufuria na jiko la chuma la kuni, aina ya Dover, linalofanana na alilokuwa nalo. Hapo mama hakuhitaji mwongozaji. Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa na jiko kama hilo mpaka walipoweka gesi. Alinionyesha mlango wa kuni, mlango wa majivu, na mahali pa kuokea. Akaniambia unavyojua joto limetosha mkate: unaingiza mkono na kuhesabu, ukishindwa kufika kumi, weka mkate.

Mpishi wa jiko lile alikuwa Kamante Gatura. Blixen alimkuta shambani akiwa mtoto mwenye vidonda vibaya miguuni, akatibiwa hospitali ya misheni, akarudi kufanya kazi. Hakujua kusoma, lakini alishika mapishi yote ya Kizungu kichwani. Mwaka 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza alipokuja kula pale, aliyepika ni yeye. Blixen anaeleza kwamba Kamante aliyapa mapishi majina ya mambo yaliyotokea siku alipofundishwa: mchuzi mmoja ni wa radi iliyopiga mti, mwingine ni wa farasi wa kijivu aliyekufa. Anayasimulia haya kwa mshangao na mapenzi.

Nilimweleza mama. Hakushangaa hata kidogo. "Mtu asiponunuliwa daftari atatumia kichwa. Mimi nilikuwa na keki ya siku Moi alipopita."

Halafu akauliza, "Huyo mama alimwandika vizuri?"

Hapo ndipo nilipokuwa naogopa tufike. Blixen anasema kwamba mara nyingine Kamante alimletea kitu alichokipenda yeye mwenyewe, kiazi kitamu cha kuchoma au kipande cha mafuta ya kondoo. Na anakifananisha kitendo hicho na mbwa aliyezoea watu, anayekuja kukuwekea mfupa miguuni kama zawadi. Ngũgĩ wa Thiong'o alimshutumu hadharani kwa ubaguzi wake, na watetezi wa Blixen wakasema wakati ule ndivyo walivyoandika. Mimi nimeshiriki mabishano hayo mara nyingi, pande zote mbili, kutegemea aliyekuwa akinilipia kahawa. Sikuwahi kuyashiriki na mtu aliyewahi kupeleka kiazi kile mezani.

Nilimwambia vile vile kilivyoandikwa.

Mama alinyamaza. Alipangusa ukingo wa meza kwa kiganja, kisha akakitazama. "Ile nyumba ya kwangu walikuwa na mbwa," alisema. "Alikuwa na kitanda." Akangoja kidogo. "Huyu kijana alilala wapi?"

Sikujua. Nilichojua ni hiki: Kamante naye ana kitabu. Kilitoka 1975 kwa Kiingereza, Longing for Darkness, kimekusanywa na Peter Beard, kina hadithi za Kamante na michoro yake, na ndani yake anasimulia maisha ya shamba lile kama alivyoyaona yeye. Ni kitabu kisicho sawa, Beard anaonekana kila ukurasa, na Kamante bado anamsifu bibi yake kuliko ninavyopenda. Lakini ni sauti yake. Kwa hesabu yangu, basi, nyumba ile ilikuwa na waandishi wawili, mmoja akiandika ndani, mwingine akiwa nyuma na majivu, na wote wawili walikuja kuchapishwa.

Mama alilipenda jambo hilo kuliko yote tuliyoyaona. "Kumbe alijibu," akasema.

Watoto wa shule waliingia wakati huo, kama ishirini, sare za kijani, mwalimu wao akiwa bado nje akihesabu walio nyuma. Msichana mmoja aliuliza lile sanduku la chuma ni la nini. Mama hakumngoja mtu. Alisimama kando ya kamba, akasogeza mkoba begani, akaanza kueleza: kuni zinaingia hapa, moshi unapita huku, na mpishi aliitwa Kamante.

"Kamante nani?" mwalimu aliuliza kutoka mlangoni.

"Gatura," mama akamjibu, na kuendelea na habari za mkate.