Saa Tisa Usiku ya Mama

Tukiambiwa kipimo cha moyo cha mzee wetu kimetoka safi, familia nzima hushusha pumzi. Simu zinapigwa hadi nyumbani, Alhamdulillah zinajaa kwenye kundi la WhatsApp, na kesho yake hakuna anayeuliza tena. Ni vizuri tujue, hata hivyo, kipimo hicho kiliutazama moyo kwa muda gani. ECG ya kawaida, ile ya kulala kitandani na kubandikwa waya kumi kifuani, mikononi na miguuni, huandika umeme wa moyo kwa sekunde 10 hivi. Katika sekunde hizo moyo hupiga kama mara 12. Kwa siku nzima hupiga karibu mara 100,000.

Hesabu hiyo niliielewa mwaka ambao mama alikuja kukaa nasi hapa Leicester kutoka Tanga, baada ya baba kufariki. Alikuwa akisema moyo unampapatika mfano wa kuku aliyechinjwa, kisha unatulia wenyewe. Akapimwa ECG: safi. Presha: ya kawaida. Kaka yangu aliyeko Tanga akasema basi, hayo ni mawazo tu. Mama mwenyewe akakubaliana naye. Kwetu moyo hubeba mambo mengi, na mjane aliyeiacha nyumba yake akisema moyo haumtulii, nani atafikiria umeme?

Daktari alifikiria. Alitueleza kwamba kama jambo linakuja na kuondoka, lazima mashine iwepo linapokuja. Akaagiza mama avae kifaa cha Holter kwa saa 24. Jina hilo ni la Norman Holter, Mmarekani wa Montana, ambaye katika miaka ya 1940 alitengeneza chombo cha kunasa umeme wa moyo wa mtu akiwa katika shughuli zake. Kile cha mwanzo kilibebwa mgongoni na kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 30. Cha mama kilienea kiganjani, kikaning'inia kwa kamba ndani ya dera lake.

Mama alimuuliza muuguzi maswali mawili, nami nikatafsiri. La kwanza, je, kitampiga shoti? Hapana, kifaa hakiingizi umeme mwilini, kinapokea tu ule unaotoka kwenye moyo. La pili, udhu je? Uso, mikono, kichwa na miguu havina shida. Kuoga ndiko kungoje, maana maji hayatakiwi kufika kwenye vibandiko vya kifuani.

Pamoja na kifaa alipewa karatasi yenye safu tatu: saa, unachofanya, unachohisi. Wengi huiona karatasi hiyo kama kitu cha ziada, wakairudisha tupu. Lakini mashine huandika mapigo tu, haijui ni saa ngapi mtu alishika kifua akaogopa. Daktari huichukua saa iliyoandikwa, akaenda kuitazama saa hiyohiyo kwenye mchoro.

Mama aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa shule ya zamani. "Saa 2 asubuhi, nimepanda ngazi, nimehema kidogo." "Saa 12 jioni, nakatakata mchicha, sijambo." Na mstari wa mwisho: "Saa 9 usiku, nimeamka, moyo unapapatika, nimekaa kitako mpaka umetulia."

Asubuhi, kabla ya kurudisha kifaa, nilikaa na karatasi ile ili niitafsiri. Ukiandikia Waingereza 9 usiku, wataelewa saa tatu ya usiku yetu. Saa tatu mama alikuwa nasi sebuleni akinywa chai ya tangawizi na kumcheka mjukuu wake. Saa tisa yake yeye ni 03:00, nyumba nzima imelala. Nikaandika pembeni saa za huku kwa kila mstari, na tarehe pia, kwa sababu ulikuwa usiku wa kuamkia Alhamisi. Maneno yake sikuyafuta. Tafsiri niliiweka chini yake.

Majibu yalipotoka, daktari alituonyesha mchoro wa saa ile. Mapigo yalikuwa 70 kwa dakika, yakaruka hadi zaidi ya 140, tena bila mpangilio wowote, kwa dakika 40 hivi. Vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinatetemeka badala ya kujikunja kwa pamoja. Hapo damu inaweza kutuama na kuganda, na donge likienda kwenye ubongo ndiyo kiharusi. Mwenye hali hiyo hatari yake ya kiharusi huwa karibu mara 5 ya mtu asiye nayo. Mama akaandikiwa dawa ya kuzuia damu isigande na nyingine ya kupunguza mbio za moyo.

Tulipofika nyumbani alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe haikuwa baba yako. Baba yako namlilia bado, lakini huu ni ugonjwa."

Kaka aliuliza kama ECG ya kwanza ilidanganya. Haikudanganya. Ilisema kweli kuhusu sekunde zake 10. Hata saa 24 zaweza zisitoshe kwa mtu ambaye shida humjia mara moja kwa mwezi. Vipo vifaa vya kuvaliwa siku 14, na vipo vidogo vinavyowekwa chini ya ngozi ya kifua vikafanya kazi kwa miaka.

Ndugu msomaji, ukiwa na mzazi anayepimwa moyo huku ugenini, kaa naye mwandike pamoja. Andika saa anayoisema yeye, halafu saa ya huku. Neno analolitumia, liwe kupapatika, kudunda au kuruka, lieleze kama lilivyo, usilifupishe kuwa "hajisikii vizuri". Hapa Uingereza mgonjwa wa NHS ana haki ya mkalimani bila kulipa, kwa hiyo omba mapema siku usiyoweza kwenda naye. Na akibanwa na kifua au akizimia, usingoje karatasi wala kifaa. Piga simu ya dharura wakati uleule.